Sanduku la Maswali: Mienge, Maji na Mzigo Ndani ya Handaki

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa waendeshaji na wachezaji wa michezo ya kuigiza ya mezani: mmoja, ndiye mwendeshaji, anasimulia handaki lenye mazimwi, wenzake wanaamua wahusika wao wafanye nini, dadu inakata shauri. Mama wa michezo hii, Dungeons & Dragons, ulichapishwa Marekani mwaka 1974, na kanuni zake za mahitaji zimebadilika sana toleo hadi toleo. Kwa hiyo kila tunapotaja namba tumesema ni ya mwaka 1981 au ya toleo la tano la mwaka 2014. Barua tumezifupisha na majina tumeyaondoa.

SWALI: Habari za kazi, mhariri. Nachezesha kikundi cha watu wanne hapa Sinza kila Jumamosi. Wananunua mienge kumi, wanaiandika kwenye karatasi, na mwezi unaisha bado ni kumi. Hakuna anayekumbuka kuipunguza, hata mimi. Nikikumbuka ghafla nikasema "mwenge umezimika", wanadai nimewaonea. Nifanyeje?

JIBU: Njema, ndugu yetu. Wachezaji wako wana haki. Mwenge ambao hakuna aliyeuona ukipungua ukizimika ghafla, lazima mtu ahisi ameonewa. Lakini usijilazimishe kukumbuka mienge. Hesabu muda. Mwenge, uchovu, njaa na mazimwi yanayozurura, vyote vinafuata saa moja, na saa hiyo ikisimama mienge kumi itabaki kumi mpaka kiama.

Kanuni za 1981 zinakata muda wa handakini katika zamu za dakika 10. Mwenge unawaka zamu 6, yaani saa moja. Chupa moja ya mafuta kwenye kandili inakwenda zamu 24, saa nne. Wakishafanya kazi zamu 5, ya 6 ni ya kupumzika; wasiopumzika wanapungukiwa 1 wanapopiga na 1 kwenye madhara wanayotoa. Na kila baada ya zamu 2 mwendeshaji anarusha dadu ya pande 6: ikitoka 1, kuna kitu kinakuja.

Sasa tafuta komwe za bao, maharage au vizibo vya soda. Mwenge ukiwashwa, aliyeushika anapanga komwe 6 kwa mstari mbele yake, mahali pa kuonekana na wote. Zamu ikiisha anatoa moja. Komwe ya pili, ya nne na ya sita zipake rangi ya kucha. Hizo zikitoka, unarusha dadu ya mazimwi. Ile ya sita ndiyo zamu ya mapumziko, na ikitoka mwenge umekwisha. Mstari mmoja wa komwe umebeba mwanga, uchovu na hatari kwa pamoja, na huhitaji kuandika chochote.

Anayetoa komwe awe mchezaji, si wewe. Hili ni muhimu kuliko rangi za komwe. Mkono wake mwenyewe ukishatoa ya tatu na ya nne, yeye ndiye atakayewaambia wenzake "jamani, zimebaki mbili". Mazungumzo ya turudi au tuendelee yataanzia kwao, na malalamiko yatakuwa yamekwisha.

Zamu moja ni nini hasa? Ni kutembea umbali wote wa mwendo wao kwenye njia wasiyoijua. Ni mtu mmoja kupekua eneo la futi 10 kwa 10. Ni pambano zima, hata kama raundi zake za sekunde 10 zilikuwa nne tu, kwa sababu baada yake watu wanafunga majeraha, wanaokota mishale na kuvuta pumzi. Chumba cha futi 30 kwa 30 kina maeneo tisa ya kupekua. Watu wanne wakigawana wanamaliza kwa zamu 3, na mtu anapata mlango wa siri kwa 1 kati ya 6 tu. Nusu ya mwenge imekwenda kwenye chumba kimoja. Mchezaji anayeliona hilo kwa macho ataacha kusema "tunapekua kila mahali" na ataanza kuchagua pa kupekua.

Makosa yanayoharibu mpango huu ni matatu. La kwanza ni kutoa komwe wakati wa kutembea tu na kusahau wanapopekua au kubishana. Mabishano yakiwa marefu mbele ya mlango, toa komwe moja, nao waarifiwe mapema kwamba ndiyo desturi ya meza. La pili ni kuwasha mienge miwili kwa pamoja ikaisha pamoja. Wa pili uwashwe wa kwanza ukibaki na komwe tatu, na kila mwenge uwe na mstari wake. La tatu ni kimya chako. Ikibaki komwe moja, sema moto umeanza kula kitambaa cha chini na vivuli vimesogea. Wakiamua kuendelea baada ya hapo, wamechagua wenyewe.

SWALI: Tuko Kigamboni. Tuliingia na mienge 8 tukakubaliana: minne ya kwenda, minne ya kurudi. Tulipata hazina kubwa, tukafia gizani njiani. Mwendeshaji anasema hesabu yetu ilikuwa mbovu toka mwanzo. Kweli?

JIBU: Kweli, na kosa hili huwapata hata wachezaji makini. Nusu kwa nusu ni sahihi kwa mtu anayerudi mikono mitupu.

Tuipige hesabu kwa kanuni za 1981. Mwenye deraya ya chuma anatembea futi 60 kwa zamu handakini, na kikundi kinakwenda kwa mwendo wa aliye mzito kuliko wote. Ukichora ramani kwa mraba mmoja kuwa futi 10, hiyo ni miraba 6 kwa zamu. Chukulia hazina iko miraba 90 kutoka mlangoni. Kwenda ni zamu 15 za kutembea na 3 za kupumzika, jumla 18: mienge 3. Sasa wamebeba hazina juu ya deraya ya chuma, na mwendo umeshuka hadi futi 30, miraba 3 kwa zamu. Kurudi ni zamu 30 za kutembea na 6 za kupumzika, jumla 36: mienge 6. Theluthi moja kwenda, theluthi mbili kurudi, na hapo hatujapekua chumba hata kimoja.

Mazimwi nayo yanahesabu. Zamu 18 za kwenda ni kurusha dadu mara 9, wastani wa makutano moja na nusu. Zamu 36 za kurudi ni mara 18, wastani wa makutano matatu. Mnakutana na hatari mara mbili zaidi wakati mmeumia na hamuwezi kukimbia.

Uzito wenyewe tuuone kwa vitu vya kwetu. Kwenye kanuni hizo sarafu 10 ni ratili moja. Sarafu 1,000 ni ratili 100, karibu kilo 45: pungufu kidogo ya mfuko wa saruji wa kilo 50. Hebu fikiria mtu mwenye deraya, ngao na upanga anabeba saruji kwenye ngazi zenye utelezi. (Toleo la 2014 limelegeza sana: sarafu 50 kwa ratili, kwa hiyo 1,000 ni kilo 9 hivi.)

Safari ijayo fanyeni hivi. Mkifika kwenye hazina, chagueni kabla ya kubeba. Sarafu ya shaba ina uzito sawa na ya dhahabu, lakini shaba 1,000 zina thamani ya dhahabu 10. Ziacheni. Kito kimoja kina uzito wa sarafu moja na kinaweza kuwa na thamani ya mamia. Mkiwa mnaingia, acheni mienge miwili na chupa ya mafuta kwenye chumba mlichokwisha kukihakikisha, kama misafara ya Bagamoyo ilivyotegemea vituo vya njiani. Mzigo wa kurudi unapungua na mwanga unawasubiri. Na kama mna fedha, ajirini wapagazi wasio na deraya. Jueni tu kwamba mpagazi naye anakula, anaogopa, na anaweza kutua mzigo akakimbia.

SWALI: Shikamoo mhariri. Niko kidato cha tatu, Tabata. Mhusika wangu ana sarafu 30 za dhahabu baada ya kununua silaha. Anunue nini?

JIBU: Marahaba, mdogo wetu. Kwa bei za 1981: shanta kwa sarafu 5, jiwe na chuma cha kuwashia moto kwa 3, mienge 12 kwa 2 (sita kwa sarafu moja), kamba ya futi 50 kwa 1, misumari mikubwa 12 ya chuma kwa 1, nyundo kwa 2, kiriba cha maji kwa 1, ufito wa futi 10 kwa 1, gunia kubwa kwa 2, posho ya kawaida ya wiki moja kwa 5. Hapo ni 23. Ongeza chupa 3 za mafuta kwa 6 na kiroba kidogo kwa 1. Zimetimia 30.

Kandili tumeiacha kwa makusudi. Inagharimu 10, na saa nne za mafuta ni sarafu 2 wakati mienge minne ya saa hizohizo haifiki hata sarafu moja. Mafuta tumeyanunua ya kumwagia na kuwasha zimwi linapofukuza. Mtakapopata fedha, kandili inunuliwe na kikundi, moja inatosha, kwa sababu chupa moja inakaa muda wa mienge minne na nafasi kwenye shanta inaokoka.

Usisahau mkono. Mwenye mwenge hana mkono wa ngao. Akiuangusha vitani ukazimika, kuwasha upya ni 1 au 2 kwenye dadu ya pande 6 kila raundi; uwezekano wa kushindwa raundi tatu mfululizo ni 8 kati ya 27, kama asilimia 30. Raundi tatu gizani zinatosha kumuua mtu. Mwenge abebe yule asiyepigana mstari wa mbele, na mwingine wa nyuma yake awe na wa pili.

Ufito wengi hununua kisha wakasahau kuutumia. Ni wa kugusia sakafu mbele kabla ya mguu, kupima kina cha maji na kusukuma vifuniko. Misumari ni ya kukaza mlango usijifunge nyuma yenu, au ya kuufunga ili wengine wasitoke.

SWALI: Dada mhariri, sisi wa Mbezi tunacheza toleo la 2014. Mchawi wetu ana uchawi wa mwanga anaourudia bure kila unapokwisha, mwenzake ana uchawi wa matunda yanayoshibisha, na wahusika watatu kati ya watano wanaona gizani. Ushauri wenu wa mienge hautusaidii chochote. Je, nipige marufuku?

JIBU: Usipige marufuku katikati ya mchezo. Mtu alichagua mhusika wake kwa kanuni zilizokuwapo. Ukimnyang'anya leo, kesho hatakuamini. Kama unataka mwanga uwe na gharama, sema kabla ya mchezo mpya kuanza kwamba uchawi wa mwanga utakuwa wa ngazi ya kwanza na utatumia nafasi ya uchawi, yaani moja ya mara chache anazoweza kufanya uchawi kwa siku.

Lakini kabla ya kufika huko, soma upya kanuni ya kuona gizani. Kwenye giza totoro mwenye uwezo huo anaona kama kwenye mwanga hafifu, mara nyingi hadi futi 60 tu, na haoni rangi, kijivu peke yake. Mwanga hafifu unamfanya arushe dadu ya pande 20 mara mbili na kuchukua ndogo kila anapotafuta kitu kwa macho, na umakini wake wa kawaida (namba ya kugundua vitu bila kurusha dadu) unapungua 5. Hili la mwisho ndilo linalosahaulika. Mhusika mwenye umakini wa 13 anakuwa na 8, na mtego wa ugumu wa 12 ambao angeuona akiwa na mwenge anaukanyaga. Kikundi kinachotembea bila taa kinajificha vizuri na kinaona vibaya. Wakilijua hilo watawasha mwenge wenyewe.

Uchawi wa mwanga nao unashika kwenye kitu, unadumu saa moja, na unaonekana mbali. Kila kiumbe kilichoko mwisho wa ukumbi mrefu kimeshajua wageni wamefika. Kwa meza kama yenu, hamisha saa: komwe zihesabu mazimwi yanayozurura, ibada itakayokamilika chini, maji yanayopanda. Mwanga ukiwa bure, muda usiwe bure.

Na matunda ya uchawi yanayoshibisha? Uchawi ule unatoa matunda 10, na moja linamtosha mtu siku nzima. Umekula nafasi moja ya uchawi kila siku ambayo ingetumika vitani. Hiyo ni gharama, mwachie.

SWALI: Wahusika wetu wanavuka jangwa siku tatu kufika kwenye magofu. Kila mmoja ana kiriba kimoja na posho ya siku tano. Mwendeshaji kasema tutakufa kwa kiu kabla ya kufika. Sisi tunaona anazidisha. – Upanga

JIBU: Hazidishi. Chakula mnacho cha kutosha, maji hamna.

Toleo la 2014 linataka galoni moja ya maji kwa mtu kwa siku, karibu lita 3.8, na mbili penye joto kali. Kiriba kimoja kinabeba painti 4, ambayo ni nusu galoni. Maana yake hata penye baridi mtu anahitaji viriba viwili kwa siku moja, na jangwani vinne. Mkiwa watu wanne kwa siku tatu bila joto, ni galoni 12: lita 45, zaidi ya madumu mawili ya lita 20. Kwa joto la jangwa ni lita 90 na zaidi, madumu manne na nusu. Anayechota maji kwa dumu asubuhi anajua uzito huo bila kuelezwa.

Upungufu unaua kwa ngazi. Mtu akinywa nusu ya kipimo chake anarusha dadu ya uvumilivu akitafuta 15 au zaidi, akishindwa anapata ngazi moja ya uchovu. Akinywa chini ya nusu, ngazi moja bila kurusha. Akiwa tayari amechoka, zinakuwa mbili kwa mara moja. Ngazi ziko 6: ya kwanza inaharibu majaribio yote ya uwezo, ya pili inakata mwendo nusu, ya tatu inaharibu mashambulizi na kujiokoa, ya nne inakata nusu ya uhai, ya tano unabaki hapohapo ulipo, ya sita ni kifo. Angalieni ya pili: mwendo ukikatwa nusu, safari ya siku tatu inakuwa ndefu, na maji yanahitajika zaidi. Jangwani watu hufia kwenye mzunguko huo.

Njaa ni ya polepole. Mtu anaweza kukaa bila kula siku 3, ukijumlisha na siku nyingine sawa na nyongeza yake ya uvumilivu, kabla uchovu haujaanza. Posho ya siku ni ratili 2, kama gramu 900. Wapagazi wa zamani walipewa kibaba cha nafaka kwa siku, robo ya pishi, kiasi cha ratili moja na nusu, kwa hiyo kanuni haiko mbali na ukweli. Neno "posho" lenyewe lilitumika kwenye misafara ile. Litumieni mezani badala ya kutafuta jingine.

Kwa hiyo nunueni punda wa mizigo, au mtafute kisima cha katikati kabla ya kuondoka: mfanyabiashara wa mjini, mchungaji, ramani ya zamani. Mwendeshaji naye akiulizwa awe na jibu. Jangwa lisilo na kisima chochote cha kugundua ni hukumu tu, mchezo hakuna.

SWALI: Kuna njia ya kuhesabu mishale bila kufuta karatasi mpaka itoboke? Nimesikia kuna dadu ya matumizi lakini tuna dadu za ludo peke yake. – Ilala

JIBU: Ipo. Badala ya kuandika mishale 20, unaandika ukubwa wa dadu. Pambano likiisha unarusha. Ikitoka 1 au 2 unashuka dadu ndogo: 20, 12, 10, 8, 6, 4. Ikitoka 1 au 2 kwenye ya 4, kitu kimekwisha. Kwa wastani, ukianzia dadu ya 4 unapata mara 2, ya 6 mara 5, ya 8 mara 9, ya 10 mara 14, ya 12 mara 20, ya 20 mara 30.

Kwa dadu za ludo, tengeneza ngazi tatu. Podo likiwa "limejaa" unashuka kwa 1 tu. Likiwa "wastani" unashuka kwa 1 au 2. "Machache" yanakwisha kwa 1, 2 au 3. Wastani wake ni mara 6, kisha 3, kisha 2: jumla 11. Kwa podo la mishale inatosha kabisa.

Msiitumie kwa mienge. Ukianza na dadu ya 6, mara 1 kati ya 6 kitu kitakuwa kimekwisha baada ya kurusha mara mbili tu. Kwa mishale hiyo ni bahati mbaya inayoeleweka, pengine imevunjika. Kwa mwanga inawanyima wachezaji uwezo wa kupanga, na mtu asiyeweza kupanga hana cha kuamua.

SWALI: Kuna mchezo ambao mwenge unawaka saa moja ya ukutani. Unafaa Dar? – Kinondoni

JIBU: Huo ni Shadowdark wa mwaka 2023, na unafaa kama kikao kina watu waliokwisha kufika wote. Tegesheni simu dakika 60, iwekwe kifudifudi ili watu wasiikodolee. Isimamisheni kwa swala, kwa chakula, kwa mgeni aliyebisha hodi na kwa umeme uliokatika. Msiisimamishe kwa mabishano ya kanuni. Hapo ndipo inapofanya kazi. Aliyechelewa kwa foleni aingie bila kurudisha saa nyuma.

SWALI: Mchoraji wetu wa ramani anakosea kila mara, kikao kizima ni "futa, anza upya". Tuache ramani? – Temeke

JIBU: Msiache kwanza. Mara nyingi anayekosea ni msimulizi. Akisema "kushoto kuna mlango", kushoto kwa nani? Mliingia mkitazama wapi? Maelezo ya chumba yafuate mpangilio uleule kila siku: mmeingia kutoka upande gani, chumba kina upana gani mashariki hadi magharibi na urefu gani kaskazini hadi kusini, milango iko kwenye kuta zipi na futi ngapi kutoka pembeni. Baada ya hapo ndipo aeleze sanamu, harufu na damu sakafuni. Akianza na damu, hakuna atakayesikia vipimo.

Mchoraji atumie karatasi ya grafu, mraba wa nusu sentimita kwa futi 10, penseli, na aanzie katikati ya ukurasa. Milango aiweke kwa kistari kifupi juu ya ukuta. Asichore fanicha.

Handaki likiwa na mapango yaliyopinda, grafu iwekeni kando. Choreni vitone kwa vyumba na mistari kwa njia, na juu ya kila mstari andikeni idadi ya komwe mlizotoa kuipita. Mstari wenye 4 ni zamu nne. Mkisimama kwenye kitone cha mwisho, jumlisheni namba za kurudi mpaka mlangoni, mzidishe kwa mbili kama mmebeba hazina, kisha mhesabu mienge iliyobaki kwenye shanta kabla mtu hajagusa mlango unaofuata.